Mzee akiondoka, kiti hakimwendei kijana moja kwa moja
Katika mabaraza ya Unguja na Pemba imezoeleka kusemwa kwamba vijana hawapati uongozi kwa sababu wazee wamevikalia viti, na kwamba wakipisha tu, nafasi zitawaangukia vijana. Dhana hii inachanganya umri wa mtu na muda wake madarakani.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 haikuweka ukomo wa juu wa umri wa Rais. Ilichoweka ni ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Tena inamtaka mgombea awe ametimiza miaka 40, kwa hivyo kijana wa miaka 30 anayekitamani kiti hicho hazuiwi na mzee yeyote, bali na Katiba yenyewe.

Kwa nafasi nyengine mlango uko chamani, kwani mgombea binafsi haruhusiwi na kila anayegombea lazima apendekezwe na chama. Mzee akistaafu, wale wale waliomteua ndio watakaomteua mrithi wake, na hakuna kinachowazuia kumchukua mzee mwenziwe.

Umri peke yake hauamui nani apate kiti. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alikuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kwa sababu wenye mamlaka walimteua. Maalim Seif Sharif Hamad naye aligombea urais wa Zanzibar mwaka 2020 akiwa na miaka 77, na waliompigia kura, vijana wakiwemo, hawakulazimishwa na mtu.