Zuzantela: mwani anaoufuga kombe ndani ya nyama yake

Anayetaka kuweka kombe, mnyama wa baharini mwenye ganda la vipande viwili, kwenye tangi la matumbawe huanza kwa kuuliza: anakula nini? Sehemu kubwa ya chakula chake haipiti mdomoni. Hutengenezwa ndani ya nyama yake na mwani wa seli moja uitwao zuzantela. Ukishauelewa mwani huo, karibu kila shauri utakalopewa kuhusu kombe utajua limetoka wapi.

Kombe tunayemzungumzia (si lile linaloshindaniwa uwanjani) ni wa jamii ya Tridacna, anayeishi kwenye miamba ya matumbawe, katika maji ya kina kifupi, kuanzia Bahari ya Hindi hadi Pasifiki. Tridacna gigas hupita urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 200. Huyo mwache baharini. Wanaofugwa majumbani zaidi ni crocea, ambaye ndiye mdogo kuliko wote, kisha maxima, squamosa na derasa. Wote wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hawavuki mpaka bila vibali. Unaponunua, uliza kama amezalishwa shambani.

Matumbawe nayo yana zuzantela, ila kwao mwani hukaa ndani ya seli zenyewe za mnyama. Kombe ana mpango mwingine. Kutoka tumboni mwake hutokea mirija myembamba inayotawanyika hadi kwenye joho, yaani ile nyama ya rangi anayoitandaza nje ya ganda mchana, na mwani umejipanga humo. Hazaliwi nao. Akiwa bado lava, yaani mtoto mchanga anayeelea majini, humeza mwani kutoka majini, na baadhi ya uliomezwa, badala ya kumeng'enywa, hupata njia ya kuingia kwenye mirija. Kuanzia hapo ni biashara ya pande mbili: kombe hutoa makazi, kabonidayoksaidi na amonia, ambayo kwake ni taka, na mwani humrudishia sukari na oksijeni.

Rangi zake za buluu na kijani kinachometa si za mwani. Mwani wenyewe ni wa kahawia. Zile rangi hutoka kwenye seli maalumu za joho zinazoakisi na kutawanya mwanga, na kwa kufanya hivyo huufikisha hata kwa mwani uliokaa ndani zaidi. Urembo unaokufanya umnunue, kwake ni kifaa cha kilimo.

Basi mwanga ndio chakula. Crocea na maxima wanataka mkali, na mara nyingi huwekwa juu ya mwamba karibu na taa. Derasa na squamosa huridhika na kiasi, hata sakafuni mwa tangi lenye taa nzuri. Lakini kombe aliyetoka kwenye duka lenye mwanga hafifu usimpandishe juu siku hiyohiyo. Mwanga wa ghafla huuelemea mwani, kombe huupoteza, na joho hubaki jeupe kuanzia katikati. Mwanzie chini, au punguza nguvu ya taa, kisha mzoeshe kwa wiki kadhaa.

Kosa ninaloliona zaidi ni la watu makini, wale wanaosafisha maji mpaka naitreti, yaani nitrojeni itokanayo na taka za tangi, inasoma sifuri. Mwani ni mmea wa shambani kwa tabia: bila nitrojeni haustawi. Naitreti ya miligramu 5 kwa lita haimdhuru kombe, inamfaa. Tangi jipya kabisa, lenye maji yanayoyumba kila siku, ndilo baya zaidi kwake. Subiri miezi sita au zaidi.

Sukari ya mwani haijengi ganda. Ganda linataka kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkali ya 8 hadi 11 dKH (kipimo cha alkali ya maji) na magnesi ya karibu 1300, katika maji ya nyuzi 25 hadi 27 yenye chumvi ya gramu 35 kwa lita. Kombe anayekua utamjua kwa ukingo mpya mweupe juu ya ganda, na pia kwa alkali inayoshuka kila unapopima. Huyo anakula akiba ya tangi, mwongezee.

Je, alishwe? Kombe huchuja maji kwa matamvua yake, kwa hiyo planktoni ya kimea kidogo, yaani mwani mdogo sana unaoelea majini, haimdhuru, na kwa wadogo walio chini ya sentimita 5 mimi ningeitoa. Ila haizibi pengo la taa dhaifu.

Kombe mwenye afya ni mwepesi wa kushtuka. Ukingoni mwa joho ana mamia ya vijicho vidogo, na kivuli cha mkono wako tu humfanya ajifunge. Asiposhtuka, au tundu lake la kuvutia maji likibaki limeachama siku nzima, ana shida. Pengine mkondo wa maji unampiga moja kwa moja, pengine kuna samaki anayemdonoa. Samaki-malaika na samaki-kipepeo wengi hawaaminiki karibu naye. Usiku mwangalie kwa tochi chini ya ganda: konokono weupe wadogo kama punje za mchele humfyonza gizani, na huondolewa kwa mkono na mswaki. Dawa ya shaba inayotibu samaki humuua.

Mwisho, mguu wake. Upande wa chini hutoa nyuzi za kujishikiza kwenye jiwe, na ukimvuta kwa nguvu unazing'oa pamoja na nyama, jeraha ambalo wengi hawaliponi. Zikate kwa wembe, karibu na jiwe na mbali na mwili. Ukimweka mahali papya, mpe kijiwe bapa cha kushika. Siku atakapotaka kuhamishwa, utabeba kombe na kijiwe chake.