Je, intaneti huharibu sauti ya kompyuta ya studio?

Maprodyuza wengi huamini kwamba kompyuta ya kurekodia muziki ikiunganishwa tu na intaneti, sauti huharibika. Lakini faili lililokwisha kurekodiwa halibadiliki kwa sababu umefungua tovuti. Mikwaruzo inayosikika kwenye sauti mara nyingi hutokana na kompyuta kuchelewa kuichakata: kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kila sekunde na bafa (fungu la sampuli zinazochakatwa pamoja) ya 256, kompyuta ina takriban milisekunde 6 tu kukamilisha kila fungu. Kivinjari chenye kurasa nyingi, au draiva (programu inayoendesha kifaa) ya Wi-Fi, huweza kuvuruga kazi hiyo mkiwa mnarekodi. Jaribu mwenyewe: rekodi kipande kilekile Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha imezimwa, usikilize kwa hedifoni. Mimi naona plagini za kukraki (programu za nyongeza za muziki zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila kulipiwa) ndizo za kuogopwa zaidi, maana huweza kubeba virusi.