Kutoka Kagera hadi La Lima: tuifahamu Honduras

Mkulima wa Bukoba au Muleba akikuonyesha mgomba anaouita FHIA, muulize jina hilo limetoka wapi. Wengi hudhani ni namba tu ya mbegu. Kumbe herufi hizo nne ni kifupi cha jina la taasisi ya utafiti wa kilimo ya Honduras, nchi iliyoko Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1990, migomba ya asili ya Kagera ilipokuwa ikielemewa na Sigatoka nyeusi (ugonjwa wa ukungu unaokausha majani), mnyauko na fukusi, machipukizi ya aina kama FHIA-17 na FHIA-23 yaligawiwa kwa wakulima. Mikungu yake ni mikubwa na maradhi inayahimili, ingawa Mhaya atakuambia bila kupepesa macho kwamba ladha yake haifikii ndizi ya kwao. Katika hilo simbishii.

Taasisi hiyo iko La Lima, mji mdogo katika bonde la Sula, kaskazini mwa nchi. Katika kufundisha jiografia ya Amerika nimezoea kuanzia hapo badala ya Tegucigalpa, mji mkuu, kwa sababu karibu kila jambo kubwa lililoipata Honduras limepita La Lima.

Nchi yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 112,000 hivi na watu wapatao milioni 10. Sehemu kubwa ni milima. Upande wa kaskazini kuna pwani ndefu ya bahari ya Karibi, kusini kipande kifupi tu cha Pasifiki kwenye ghuba ya Fonseca, na majirani ni Guatemala, El Salvador na Nicaragua. Mashariki ni Mosquitia, eneo la misitu na mito ambako watu husafiri kwa boti au ndege ndogo kuliko kwa gari.

Ardhi tambarare yenye rutuba iko kaskazini, na huko ndiko kampuni za ndizi za Marekani zilikoweka kambi mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ilizipa ardhi ili zijenge reli. Zilijenga kweli, lakini reli ilifuata mashamba na bandari, na Tegucigalpa haikufikiwa na treni hata siku moja. Mwaka 1911, Sam Zemurray, mfanyabiashara wa ndizi, aligharamia mamluki waliotoka New Orleans kumrudisha madarakani rais wa zamani, Manuel Bonilla. Mwaka uliofuata Bonilla akawa rais, na Zemurray akapata ardhi na misamaha ya kodi. Watu wanapozitania nchi dhaifu kwa kuziita “jamhuri za ndizi”, Honduras ndiyo iliyozaa msemo huo. La Lima ilikuwa mji wa kampuni: nyumba, hospitali, duka, vyote vya kampuni. Mwaka 1954 maelfu kwa maelfu ya vibarua waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na katika mgomo huo ndipo vyama vya wafanyakazi vilipopata nguvu. Maabara za utafiti za kampuni ndizo zilizokuja kukabidhiwa FHIA mwaka 1984. Mgomba wa Kagera una ukoo mrefu, basi.

Wahonduras wengi ni machotara wa Kihispania na wenyeji wa asili. Walenca ndio kundi kubwa la wenyeji, na sarafu ya nchi, lempira, ina jina la kiongozi wao aliyepigana na Wahispania katika miaka ya 1530. Mlenca mwingine, Berta Cáceres, alipinga ujenzi wa bwawa kwenye mto Gualcarque. Aliuawa Machi 2016.

Msomaji wa pwani, hata hivyo, atavutiwa zaidi na Wagarifuna. Mababu zao ni Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa kisiwa cha Saint Vincent. Waingereza waliwashinda vitani, wakawapakia melini na kuwatelekeza katika kisiwa cha Roatán, Aprili 1797. Kutoka hapo walisambaa pwani nzima, na lugha yao ingali hai. Hukuna muhogo mchungu, wakaukamua maji yenye sumu, kisha wakaoka mkate mwembamba mkavu unaokaa muda mrefu. Chakula chao cha heshima ni ndizi zilizotwangwa, zikaliwa na mchuzi wa samaki wa nazi. Mpemba angekaa jamvini bila kuuliza.

Siku hizi ndizi si mfalme tena. Kahawa ya arabika inayolimwa na wakulima wadogo wa milimani imeifanya Honduras kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote Amerika ya Kati. Viwanda vya nguo vya San Pedro Sula na Choloma, vyenye wafanyakazi wengi wanawake, hushonea soko la Marekani. Lakini vyote hivyo vinapitwa mbali na fedha zinazotumwa nyumbani na wahamiaji: zaidi ya dola bilioni 9 mwaka 2023, sawa na takriban robo ya pato la taifa.

Watu wanaondoka kwa sababu ya umaskini, magenge yanayotoza wafanyabiashara “kodi” kwa bastola, na dhoruba. Kimbunga Mitch cha mwaka 1998 kiliua maelfu na kusomba mashamba. Novemba 2020, Eta na Iota vilifuatana ndani ya wiki mbili, bonde la Sula likageuka ziwa. La Lima ilizama, na uwanja wa ndege ulio jirani nao ukajaa maji.

Uwanja huo umekwisha kufunguliwa. Miongoni mwa ndege zinazotua hapo ni zile zinazowaleta Wahonduras waliofukuzwa Marekani. Hupokelewa kituoni, wakaandikishwa, wakatoka nje kutafuta basi la kwao. Baadhi yao, kabla ya mwaka kwisha, huwa njiani tena kuelekea kaskazini.