Parodi ni nini? Vichekesho vya runinga vilipoiga sinema bubu

Parodi ni kuiga kitu kinachojulikana kwa kukitia chumvi ili watu wacheke, huku wakikitambua kile kinachoigwa. Mwalimu akitoka darasani, mtoto mmoja anasimama mbele, anashusha miwani asiyoivaa hadi ncha ya pua, anakohoa mara mbili, kisha anasema "kaeni chini". Darasa zima linaangua kicheko kabla jina la mtu halijatajwa. Mwanafunzi mgeni aliyefika asubuhi ile anabaki kuwatazama tu, maana mwalimu mwenyewe bado hamjui.

Mgeni yule ndiye anayetuonyesha parodi inategemea nini. Bila kumbukumbu ya pamoja hakuna kicheko. Ndiyo maana waandishi wa vichekesho vya runinga vya Marekani walizipenda mno sinema bubu za Hollywood, yaani filamu za zamani zisizo na sauti: alama zake zilijulikana na kila mtu. Mwovu anayesokota masharubu. Binti anayeweka kiganja kwenye paji la uso kabla ya kuzimia. Maneno yaliyoandikwa kwenye kadi nyeusi, na piano inayokimbia nyuma ya kila tukio. Hata mwongozaji aliyevaa buti ndefu na suruali ya kupandia farasi hakubuniwa na wachekeshaji, Cecil B. DeMille, mwongozaji mashuhuri wa Hollywood, alivaa hivyo hivyo kazini.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye Gilligan's Island, kipindi cha kituo cha runinga cha CBS cha Marekani cha mwaka 1964 hadi 1967 kuhusu watu 7 waliokwama kisiwani baada ya chombo chao kupatwa na dhoruba. Katika sehemu ya mwaka 1965 iitwayo "Castaways Pictures Presents", wanapata vifaa vya kupigia picha vya enzi za sinema bubu. Wanaamua kuigiza masaibu yao wenyewe, filamu ifike duniani na watu wajue waliko. Filamu inafika kweli, ila wanaoitazama wanadhani ni kazi ya sanaa, inapewa tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na hakuna anayekwenda kuwaokoa. Kicheko hapo kinapiga pande mbili: uigizaji wa kizamani uliojaa mikono hewani, na mabingwa wa sanaa wanaoshangilia kilio cha msaada. Naona huo ni uandishi wa hali ya juu kwa kipindi ambacho wengi walikiita cha kipuuzi.

Tutenganishe parodi na jirani yake, mwigo wa heshima. Mwaka 1955, katika kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy, Lucille Ball, aliyeigiza kama Lucy, alivaa kama Harpo Marx, mchekeshaji asiyesema neno jukwaani, akasimama mbele ya Harpo mwenyewe akijifanya taswira yake kwenye kioo. Harpo alikuwa amecheza mchezo kama huo katika filamu ya 1933, Duck Soup, na kabla yake Mfaransa Max Linder aliucheza mwaka 1921 katika filamu bubu aliyoitengeneza Marekani. Hapa hadhihakiwi mtu. Lucy anafuata mkono kwa mkono, jicho kwa jicho, na mtazamaji anacheka huku ameshika pumzi, akingoja akosee. Kwangu mimi hiyo ni salamu kwa wazee wa kazi.

Kuna jambo moja ambalo parodi hizi zilitufundisha vibaya. Karibu zote zinaonyesha watu wakikimbia kwa mishtuko kama kuku, nasi tumeamini kuwa sinema bubu ndivyo zilivyokuwa. Siku zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilibadilika kulingana na mpiga picha; picha 16 hivi kwa sekunde ilikuwa kawaida, nyakati nyingine zaidi. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikafungwa kwenye picha 24. Chukua filamu iliyopigwa kwa picha 16 uionyeshe kwa 24: dakika nzima inakwisha kwa sekunde 40. Mwendo wa mtu mzima mwenye majonzi unageuka mchakamchaka. Runinga ilizirusha filamu nyingi za zamani namna hiyo, na kizazi kilichoandika vichekesho vya miaka ya 1960 kilikuwa kimeziona hivyo. Kwa hiyo walichokiiga mara nyingi ni kasoro ya mashine iliyoonyesha, wakaibandika kwa waigizaji.

Nisiwaonee kabisa. Wachekeshaji wa zamani wenyewe waliwahi kuzungusha kamera polepole makusudi, ili polisi wanaofukuzana waonekane wanapaa. Lakini tamthilia za huzuni hazikupigwa ili zichekeshe, na hizo ndizo zilizoumizwa zaidi.

Leo hifadhi za filamu hurudisha nyingi katika kasi iliyokusudiwa. Ukipata nakala ya namna hiyo, achana kidogo na nyota wa filamu, uwatazame wapita njia walio nyuma yake barabarani. Mmoja anasimama kufunga kamba ya kiatu, mwingine anageuka kuangalia kamera, na wote wanatembea kama tunavyotembea sisi.