Acheni vga=791

Akiuliza mtu namna ya kubadili rezolusheni ya konsoli ya Linux (skrini ya maandishi matupu), jibu ni lilelile: weka vga=791 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, yaani kiini cha mfumo. Jamani, jibu hilo limekwisha muda wake.

791 ni namba ya modi ya VESA, kiwango cha zamani cha kadi za michoro: 1024x768, rangi za biti 16. Modi hiyo huombwa kwa BIOS, programu ya zamani ya kuwashia mashine, kabla kerneli haijaanza kazi. Mashine ikiwaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS, hakuna wa kuombwa. Na hata penye BIOS, itazame skrini mashine inapowaka: mistari ya kwanza hutoka kwa herufi kubwa, skrini huwa nyeusi kidogo, kisha herufi hurudi zikiwa ndogo. Hapo draiva ya kadi ya michoro (i915, amdgpu, nouveau) imeshapakiwa na kuchukua rezolusheni asilia ya skrini. Ulichoomba mwanzo kimefutwa. GRUB_GFXMODE, yaani rezolusheni ya GRUB (programu inayopakia kerneli), nayo huishia hapohapo, hata ukiweka GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep ili kerneli iirithi. Ukiandika kigezo nomodeset umeizuia draiva nzima kwa ajili ya ukubwa wa herufi tu. Hapana.

Draiva husikiliza kigezo video=. Katika /etc/default/grub, ongeza ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX:

video=HDMI-A-1:1280x720@60

Kisha endesha update-grub, au grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg, uwashe mashine upya.

Wengi hukwama kwenye jina la tundu la skrini (hapo juu, HDMI-A-1). Wanalitoa kwenye amri ya xrandr, ambayo mara nyingi husema HDMI-1, wakati kerneli inalijua kama HDMI-A-1. Ukikosea, hupati onyo lolote. Mashine inawaka kama vile hukuandika kitu, nawe unaanza kulaumu draiva. Fanya ls /sys/class/drm: ukiona card0-HDMI-A-1, ondoa card0- na kinachobaki ndilo jina. Ndani ya folda hiyo kuna faili modes. Isome kwa amri ya cat, itakuonyesha rezolusheni ambazo skrini inazikubali. Baada ya kuwasha, hakikisha kwa cat /proc/cmdline kwamba kigezo kimefika kweli.

Ukiwa na skrini mbili, konsoli hufuata iliyo ndogo, na kwenye ile kubwa maandishi hujaza sehemu tu.

Hata hivyo, mara nyingi anayeuliza hana shida na rezolusheni. Herufi ni ndogo, basi. Skrini ya 3840x2160 kwa fonti ya 8x16 ina safu 480 na mistari 135, nani atasoma? Ukishusha rezolusheni kwenye paneli ya laptopu, picha inavutwa na kingo za herufi zinafifia. Badili fonti: kwenye Debian, dpkg-reconfigure console-setup, chagua Terminus 16x32. Kwenye Arch, sakinisha terminus-font, kisha FONT=ter-132b ndani ya /etc/vconsole.conf. Unabaki na safu 240 na mistari 67, kila herufi imekatwa safi. Fonti hii huchelewa kupakiwa, kwa hiyo ujumbe wa mwanzo wa kerneli utabaki mdogo. Kama huo nao unausoma, jaribu fbcon=font:TER16x32, ikiwa kerneli yako imejengwa nayo.