Je, wajua? Wasiwasi haunoi jicho la kusoma nyuso

Wengi huamini kwamba mwenye wasiwasi ni hodari wa kusoma nyuso: bosi akikunja uso kidogo tu, yeye ameshajua kuna jambo. Anayesubiri usaili wa kazi Kampala, viganja vikitoka jasho, angekuapia kwamba hakuna kinachompita kwenye nyuso za wanaomhoji.

Imani hii haikuzuka hewani. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha tafiti 172 ulionyesha kuwa wenye wasiwasi huvutwa na ishara za hatari kuliko wengine. Lakini kuvutwa na kitu si kukitambua, na hapo ndipo imani inapopotoka.

Chukua mlinzi wa mlangoni kwenye supamaketi, na kile kifaa chake cha kukagua vyuma. Akikitegesha kilie kwa chuma kidogo mno, hakuna kisu kitakachopita. Kitalia pia kwa funguo, kwa sarafu ya shilingi 500, kwa bizimu ya mkanda. Jioni mlinzi atajisifu kwamba amekamata visu vyote, na ni kweli. Waliopekuliwa bure hakuna aliyewahesabu. Kifaa chenyewe hakijajifunza kutofautisha kisu na funguo, ila sasa kinalia upesi. Ndivyo anavyofanya mwenye wasiwasi akionyeshwa picha ya uso uliochanganywa kwa kompyuta, nusu tabasamu, nusu hasira: husema ni hasira. Huwapata wenye hasira kwa sababu haoni tabu kumwita yeyote mwenye hasira.

Jaribio ninalolipenda, kwa uajabu wake, ni la Angela Attwood na wenzake wa Bristol, Uingereza, lililochapishwa 2017. Wasiwasi waliutoa kwenye mtungi. Watu wenye afya walivutishwa hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 7.5 (hewa ya kawaida ina takriban 0.04), moyo ukaenda mbio, hofu ikaja bila sababu yoyote. Nyuso zenye utata zikaanza kuonekana za hasira. Zaidi ya hapo, walikosea zaidi kutambua hisia kwa jumla, si hasira peke yake, bali pia furaha, huzuni, mshangao, kinyaa na woga. Hapo mfano wa mlinzi unachechemea kidogo, maana si kiwango cha kulia tu kilichoshuka. Kifaa chenyewe kimefifia.

Uchunguzi wao mwingine, wa watu wengi zaidi, uliona kwamba kasoro hiyo inafuatana na wasiwasi wa saa hiyo hiyo. Tabia ya kuwa mwoga siku zote, wasiwasi wa sasa ukishazingatiwa, haikubaki na uzito. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo.

Tena majaribio mengi ya aina hii hutumia picha zilizoganda, na washiriki wengi ni wa Ulaya na Marekani. Uso wa bosi wa Kampala unacheka, unapiga miayo, na unasema.