"Greveli bila trafiki" sio njia ambayo haina polisi

Hii ni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mtu anatupia ramani kwenye grupu letu la baiskeli hapa Tanga, chini kaandika "Jumamosi greveli bila trafiki, kilomita 40, karibuni", tunaamka alfajiri, tunajaza maji, tunapaka cheni mafuta, tunafika kule nyuma ya Pongwe na kinachotupokea ni malori ya mawe yanapishana na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nikamuuliza mwenyeji wetu, kaka si ulisema hamna trafiki? Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Sasa we umemwona trafiki wapi?"

Na kweli hatukumwona.

Maana yenyewe ni fupi. Huko Ulaya wakisema hivo, kwa Kiingereza "traffic-free gravel", wanamaanisha kuendesha baiskeli kwenye njia ya changarawe au udongo ulioshindiliwa ambayo vyombo vya moto haviruhusiwi au haviwezi kuingia. Basi. Neno la kwanza linakwambia chini kuna nini, la pili linakwambia nani hayupo, na ukipata moja haimaanishi umepata na la pili.

Shida iko kwenye trafiki. Sisi neno hili limetufikia likiwa limeshavaa sare nyeupe, trafiki kwetu ni yule afande anayesimamisha magari kwa mkono mmoja na mwingine ana daftari. Lakini Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa na Waitaliano huko miaka ya 1500, Waitaliano wanasema traffico, na wakati huo lilikuwa na maana ya biashara, kupitisha mali toka huku kwenda kule, ndio mana mpaka leo Mwingereza akiongelea usafirishaji haramu wa watu au wa dawa anatumia neno hilohilo. Mambo ya vyombo kupita barabarani yamekuja kuingia baadae sana, karne ya 19. Afu likaja kwetu na polisi wake, polisi akadondoka njiani, trafiki akabaki peke yake amesimama kwenye jua.

Kuna wajuzi wengine wanajitahidi, wanatafsiri "greveli bila foleni". Hapana. Foleni ni amri ya gwaride ya Kiingereza, "fall in", askari jipangeni, tukaigeuza kuwa msururu. Barabara ya Horohoro saa tisa usiku haina foleni hata chembe, lakini lori moja tu likikupita kwenye bega utasoma dua zote ulizofundishwa chuoni.

Basi tuseme "bila magari"? Hapa ndipo mie mwenyewe nilikuwa nakosea mpaka juzijuzi. Bodaboda sio gari. Mwambie mtu yeyote wa Makorora kwamba hii njia haina magari, atakwambia kweli haina, na wakati anakwambia hivo inapita pikipiki imebeba mshikaki pamoja na gunia la mkaa. Kwa Kiswahili chetu hajadanganya. Kwa hiyo neno lipo na tunalo siku zote, wanalitumia kila siku watu wa leseni na bima: chombo cha moto. Njia isiyoingia vyombo vya moto. Refu kidogo, najua, haliendi vizuri kwenye tisheti, lakini linasema kitu chenyewe. (Baiskeli ya umeme tuiweke wapi? Uingereza inahesabiwa baiskeli kama mota haizidi wati 250 na msaada wake unakata kwenye kilomita 25 kwa saa, kwetu tutagombana siku zikizidi.)

Sasa greveli. Hili silichukii, lina asili nzuri mno kwa watu wa pwani. Kifaransa cha zamani walikuwa na neno grave, ufuko wenye mchanga na vijiwe, na neno lake la udogo likawa gravele, na wenyewe inasemekana walilirithi kwa Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Kifaransa cha leo ufuko wa namna hiyo ni grève, na pale Paris kando ya mto Seine palikuwa na uwanja unaitwa hivo, Place de Grève, watu wasio na kazi walikuwa wanakusanyika pale kusubiri kuitwa vibarua, na ndipo grève likageuka kuwa mgomo. Yani greveli na mgomo wa wafanyakazi ni watoto wa ufuko mmoja. Mie nikilisikia naona Raskazoni maji yakitoka, vile vijiwe vinavyochoma nyayo.

Kwa Kiswahili tunayo changarawe, na hapo naomba tusichanganye madawa. Changarawe ni vijiwe vidogo. Kokoto ni mawe yaliyopondwa, ya zege, ukiyapanda na tairi jembamba utalala chini. Moramu ni ule udongo mwekundu wanaomwaga kwenye barabara na kushindilia, kiangazi unakuwa poda na masika unakuwa sabuni. Ile ya Jumamosi ilikuwa moramu. Na "baiskeli ya greveli" inayouzwa kwa bei ya bodaboda mpya sifa yake kubwa, ukiacha usukani uliopinda chini, ni tairi la milimita 40 hivi. Tairi la Phoenix ya babu, ile ya inchi 28, ni inchi moja na nusu, piga hesabu mwenyewe uone inakuja karibu na ngapi. Wazee wa Ngamiani wameendesha greveli miaka yote wakipeleka nazi sokoni, hawakujua tu kama ni mchezo.

Kilichoniudhi zaidi kipo kwenye yale maelezo marefu ya njia za Uingereza, yaliyotafsiriwa, ambayo kila mtu ananakili, eti njia inapita "mifereji, ardhi oevu na machimbo ya zamani", na watu wanasoma kama vile ni mandhari tatu zimepangwa. Kwanza mfereji. Bibi yangu akisema mfereji anamaanisha bomba la maji, na kijana wa leo anaona mtaro wa maji machafu, sasa nani atapenda kuendesha pembeni ya mtaro? Mifereji inayosemwa ni kama mito ya kuchimbwa kwa mikono ili mashua zipite. Ule wa Bridgewater Uingereza ulifunguliwa mwaka 1761, kazi yake kutoa makaa ya mawe machimbo ya Worsley mpaka Manchester, na mle ndani ya mgodi wakachimba mifereji mingine ya chini kwa chini ikafika kama kilomita 74, mashua inapakia makaa hukohuko gizani. Chuma cha mgodi kikatia maji ya Worsley rangi ya chungwa, ungedhani mtu kamwaga Fanta.

Mashua haikuwa na injini, ilikokotwa na farasi. Farasi anataka pa kukanyaga, tena pawe tambarare, kwa hiyo pembeni ya mfereji pakawekwa njia ya mkokotaji. Mashua za makaa zimekwisha, farasi wamekufa, njia imebaki: nyembamba, haina mlima, na haikutengenezwa kwa ajili ya gari hata siku moja. Ndio mana haina vyombo vya moto, na penye pikipiki sumbufu wameweka vyuma vya kubana mlangoni mpaka usukani wa baiskeli nao unapita kwa kuomba.

Na ardhi oevu? Nenda Wigan, hukohuko Uingereza, mfereji wa Leeds mpaka Liverpool unapita pale, kilomita 204, ulianza kuchimbwa 1770 ukaisha 1816. Walivyotoa makaa chini, juu pakatitia, mashimo yakajaa maji, yakaota matete, ndege wakahamia. Kwa hiyo makaa yalileta mfereji wa Worsley, na makaa hayohayo yakazaa dimbwi la Wigan. Ni hadithi moja, unaiendesha mwanzo mpaka mwisho.

Sisi hapa ya kwetu ipo, ila inataka kuitwa jina lake. Matuta ya mashamba ya chumvi upande wa Mkinga, mikoko huku, maji huku, hapaingii lori juu ya tuta, hapo naweza kukubaliana na wewe kabisa mradi umeomba kwa mwenye shamba. Vichochoro vya mashamba ya mkonge sio, kuna matrekta. Kule machimbo ya mawe sio, maana hayajawa ya zamani, watu wako kazini.

Kaka yangu wa Jumamosi, sina kinyongo, na kwa lugha yetu uliandika ukweli mtupu. Safari ijayo andika tu "moramu, malori yapo", tutakuja hivohivo, ila tutakuja na miwani.